Sabuni ya Kijani, Chale na Chanjo: Historia Fupi ya Majina ya Usafi wa Ngozi

Utangulizi

Kando ya njia itokayo mjini Shinyanga kuelekea Mwadui iko Kolandoto, mahali panapojulikana zaidi kwa hospitali yake. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1913 na wamisionari wa African Inland Mission, nchi ikiwa bado chini ya utawala wa Wajerumani. Wengi wa wamisionari hao walitoka Marekani. Wenyeji waliowahudumia walisema Kisukuma. Na lugha iliyokuja kuwaunganisha wote na serikali zilizofuatana ilikuwa Kiswahili. Kwa miaka mingi palikuwa pia na makazi ya wagonjwa wa ukoma, na leo pana chuo cha sayansi za afya ambacho wanafunzi wake hutoka sehemu nyingi za nchi.

Mahali pa namna hiyo ndipo istilahi hujaribiwa. Neno laweza kuonekana zuri katika kamusi, lakini mgonjwa akilielewa vingine, kosa halibaki kwenye karatasi. Huhamia mwilini mwake.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya jina moja dogo, yaani "sabuni ya kijani", pamoja na majina ya jambo linaloambatana nalo, yaani kuchanja ngozi na kuitia alama. Hoja yetu ni moja: kitu cha kusafishia ngozi kipewe jina linaloeleza kilivyo na kazi kifanyayo, si rangi yake wala sifa ambazo mwuzaji hukivika.

Tuseme mtafsiri amepewa maelezo ya kigeni yanayoagiza kwamba ngozi isafishwe kwa "sabuni ya kijani" kabla ya kuchorwa alama ya kudumu. Akitafsiri neno kwa neno, hatakuwa amekosea sarufi. Lakini wasomaji wake wataelewa nini? Wa kwanza atakwenda dukani kununua mche wowote wa sabuni wenye rangi ya kijani, hata ule wa kufulia. Wa pili, akikumbuka kuwa kijani hutokana na jani, atadhani ni sabuni iliyotengenezwa kwa majani ya mwarobaini au mshubiri. Wa tatu, aliyezoea misemo ya siku hizi kama "uchumi wa kijani", atadhani ni sabuni isiyochafua mazingira. Wote watatu watakuwa wamesoma Kiswahili sahihi, na wote watatu watakuwa wamekosa kitu kilichokusudiwa.

Asili ya Jina

Sabuni inayohusika ni sabuni laini, inayofanana na uji mzito au jeli, na huyeyuka upesi katika maji. Katika vitabu vya dawa vya Ulaya iliitwa kwa Kilatini sapo mollis, yaani sabuni laini, au sapo viridis, yaani sabuni ya kijani. Rangi hiyo hapo awali ilitokana na mafuta yaliyotumiwa, hasa mafuta ya mbegu za mmea wa jamii ya bangi uliolimwa Ulaya kwa ajili ya nyuzi zake, ambayo yana ukijani wa asili. Baadaye watengenezaji walianza kutumia mafuta ya kitani, ya zeituni na mengineyo. Sabuni ikawa ya manjano au ya hudhurungi, na penginepo ikatiwa rangi makusudi ili ifanane na jina lake. Twaona basi kwamba jina lilibaki baada ya sababu yake kuondoka.

Aliyeipa sabuni hii heshima katika tiba ya ngozi ni Ferdinand von Hebra (1816–1880), mwalimu wa magonjwa ya ngozi mjini Vienna. Yeye aliiyeyusha katika spiriti na kuitumia kusugua ngozi yenye magamba na maganda, ili uchafu na mafuta yaliyoganda yatoke na dawa ipate njia ya kupita. Kutokana na kazi hiyo ilienea tinkcha ya sabuni ya kijani: karibu thuluthi mbili sabuni laini, na sehemu iliyobaki alkoholi pamoja na mafuta kidogo ya lavenda kwa ajili ya harufu. Waganga waliitumia kuosha ngozi kabla ya upasuaji. Wachora alama za mwilini nao waliichukua, hasa Marekani, ambako Samuel O'Reilly wa New York alipata hataza ya mashine ya umeme ya kuchorea mwaka 1891. Walipenda sabuni hii kwa sababu huondoa damu, mafuta na wino uliomwagika bila kuhitaji kusugua ngozi iliyoumia.

Majivu, Magadi na Kali

Neno sabuni limetujia kutoka Kiarabu, nacho kililipata kutoka upande wa Kilatini. Lakini maarifa yenyewe hayakungoja neno hilo. Katika sehemu nyingi za Afrika watu walichuja maji katika majivu ya mimea, wakayachemsha pamoja na mafuta, wakapata sabuni nyeusi na laini.

Kikemia, mafuta yakipikwa pamoja na alkali hugeuka kuwa sabuni na glisirini. Alkali ikitokana na sodiamu, ambayo ndiyo iliyomo katika magadi, sabuni huwa ngumu na huweza kukatwa miche. Ikitokana na potasiamu, iliyo nyingi katika majivu ya mimea, sabuni huwa laini. Kwa hiyo sabuni ya Hebra na sabuni ya majivu ya mama wa kijijini ni ndugu wa tumbo moja. Mwalimu wa kemia akilieleza hilo, wanafunzi wake hawatahitaji kusafiri hadi Vienna ili kufahamu sabuni laini ni nini. Jiko la nyumbani litawatosha.

Hapa panafaa tahadhari kidogo. Neno alkali latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya majivu ya mimea fulani ya nchi za chumvi, na kutoka hapo wataalamu wa Ulaya walipata kalium, jina la Kilatini la potasiamu. Msemaji wa Kiswahili akiona "kali" ndani ya majina hayo huweza kudhani ni kivumishi chetu, kama tusemavyo magadi makali. Sivyo. Kivumishi -kali ni cha Kibantu tangu asili, na kufanana kwake na alkali ni sadfa tu. Mtunga istilahi asijenge nyumba juu ya sadfa.

Chale, Tojo, Nembo na Chanjo

Tukigeukia alama za mwilini tunakuta kwamba Kiswahili si maskini hata kidogo. Chale ni mkato mdogo wa ngozi, uwe wa pambo, wa dawa au wa undugu. Watu waliochanjiana chale walifungwa na damu kama ndugu. Kutoja ni kukata ngozi ili kuitia alama, na alama yenyewe ni tojo. Nembo ilikuwa alama ya mwilini iliyomtambulisha mtu na watu wake, na nembo za Wamakonde usoni zinajulikana na wengi. Siku hizi neno hilo limepanda cheo, kwani tunasema Nembo ya Taifa, na mashirika yote yana nembo zao. Neno lililoandikwa kwanza katika ngozi ya mtu sasa limechapwa juu ya karatasi za serikali.

Vijana wa mijini husema "tatuu". Neno hilo ni msafiri wa mbali: lilitoka visiwa vya Polinesia, likachukuliwa na mabaharia wa James Cook waliofika Tahiti mwaka 1769, likaingia Kiingereza, kisha likatufikia sisi. Hatuoni sababu ya kulifukuza. Lakini ni kosa kudhani kwamba jambo lenyewe ni geni kwa kuwa jina ni geni. Mganga, ambaye Wasukuma humwita nfumu, akikata chale na kusugulia ndani yake unga mweusi wa dawa iliyochomwa, alama nyeusi hubaki. Hubaki kwa sababu ile ile inayobakisha wino wa tatuu: chembe za rangi huingia katika ngozi ya ndani, ambayo haibambuki kama ile ya nje. Kwa Wasukuma chama cha Bayeye, yaani wacheza nyoka, kilijulikana kwa kutia dawa ya kukinga sumu kwa njia ya chale, na Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, aliandika habari za chama hicho mwaka 1946.

Kutokana na kitenzi hicho hicho, chanja, lugha yetu ilipata mojawapo ya istilahi zake zilizofaulu sana: chanjo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 tayari inakipa kitenzi hiki maana ya kukata ngozi pamoja na ya kukinga ndui. Kinga ya ndui, iliyoanzia kwa Edward Jenner mwaka 1796, ilitiwa kwa kukwaruza ngozi, na watu walioona kitendo hicho hawakuhitaji kufundishwa neno jipya. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kwamba ndui imetokomezwa. Ndui imekwisha, na chanjo nyingine leo hutolewa kwa matone ya mdomoni bila mkato wowote. Hata hivyo hakuna mzazi anayechanganyikiwa akiambiwa ampeleke mtoto chanjo.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa jina la sabuni ya kijani linalaumiwa kwa kudumu baada ya ukijani kutoweka, mbona chanjo isilaumiwe kwa kudumu baada ya mkato kutoweka? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba wasemaji walipolichukua neno chanjo hawakuchukua mkato peke yake. Walichukua pia kusudi la mkato, yaani kuuingizia mwili kitu cha kuukinga, na kusudi hilo walikuwa wakilijua tangu zamani. Mkato ulipoondoka kusudi lilibaki, na neno likasimama juu yake. Lakini ukijani haukuwa na kusudi lolote. Ulipoondoka, jina lilibaki likielea hewani.

Kuosha si Kutakasa

Sasa tufike penye uzito wa jambo lenyewe. Sabuni laini huosha. Hulegeza mafuta na uchafu, ikachukua pamoja nao vijidudu vingi, na maji yakaviondoa. Hiyo ni kazi kubwa na haifai kudharauliwa. Lakini kuondoa vijidudu katika ngozi si sawa na kuviua vyote katika chombo. Chombo cha kukatia kinahitaji kutakaswa, kwa mfano kwa mvuke wenye shinikizo katika joto la sentigredi 121 kwa muda wa dakika 15, au kiwe kipya na kitupwe baada ya matumizi.

Tofauti hii ya maneno mawili, kuosha na kutakasa, imebeba maisha ya watu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, jirani ya Geita. Ilifahamika kwamba wembe uliotumiwa kwa mtu mmoja kisha mwingine waweza kuhamisha virusi kwa njia ya damu, na homa ya ini ya aina ya B nayo huenea kwa njia hiyo. Wananchi wakahimizwa kwamba kila mtu awe na wembe wake. Tuangalie sasa hali ya mtu aliyesoma kuwa wembe "usafishwe" kwa sabuni. Kitenzi "safisha" kinaweza kubeba kuosha, kutakasa, hata kupangusa kwa kitambaa. Mtafsiri anayekitumia bila kubainisha humwachia msomaji achague, na msomaji kwa kawaida huchagua kilicho rahisi.

Vivyo hivyo kwa utunzaji wa alama baada ya kuchorwa. Tatuu mbichi ni kidonda, na chale ni kidonda. Kidonda hicho huoshwa taratibu kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, hukaushwa kwa kugusishwa kitambaa safi bila kusuguliwa, kisha hupakwa mafuta kiasi kidogo. Tinkcha yenye alkoholi, ikirudiwa rudiwa juu ya kidonda, huunguza na kukausha. Kwa hiyo sabuni laini peke yake na tinkcha yake si kitu kimoja, na jina moja la "sabuni ya kijani" lisitumiwe kwa vyote viwili.

Wahudumu wa wagonjwa wa ukoma wanalifahamu vizuri jambo la ukavu. Ugonjwa huo huharibu neva, jasho hukoma kutoka katika sehemu zilizokufa ganzi, na ngozi hukauka na kupasuka. Ndiyo maana mgonjwa hufundishwa kuloweka miguu katika maji, kusugua taratibu penye ugumu, kisha kupaka mafuta ili unyevu usitoroke. Kwake yeye usafi si wingi wa povu. Sabuni kali yaweza kumnyang'anya mafuta machache aliyobakiwa nayo.

Sabuni ya Dawa na Zebaki

Baadhi ya watafsiri, kwa kukwepa neno kijani, huandika "sabuni ya dawa". Twaogopa kwamba hapo wametoka kwenye tope wakaingia kwenye shimo. Sabuni ya dawa ni jina linaloahidi mengi bila kutaja chochote. Laweza kuwa jina la sabuni laini isiyo na dawa hata chembe, la sabuni yenye kiuavijidudu, au la sabuni yenye sumu.

Hatusemi hivyo kwa kutia chumvi. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita wachimbaji wadogo wanaifahamu zebaki kama wanavyofahamu sururu. Huichanganya na mchanga uliosagwa ili ikamate dhahabu, kisha huichoma na kubakiza dhahabu peke yake. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa Harada Masazumi, tabibu wa Kijapani aliyejulikana kwa kuwatetea waathiriwa wa Minamata, pamoja na wenzake. Walipima zebaki katika nywele za wachimbaji, za wavuvi wa Ziwa Viktoria na jamaa zao, na za wakazi wa Mwanza. Baadhi ya wavuvi na wakazi wa mjini, ambao hawakuwa na kazi yoyote machimboni, walikutwa na viwango vikubwa, na chanzo kilichotajwa ni sabuni ya kung'arisha ngozi iliyotiwa zebaki.

Mchimbaji akishika zebaki huiona na jina lake analijua. Aliyeoga kwa sabuni ile hakuiona. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba sabuni za namna hiyo huwa na iodidi ya zebaki kiasi cha asilimia 1 hadi 3, na kwamba zebaki inayopenya ngozini huweza kudhuru figo. Lakini neno zebaki, ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani kutoka Kiarabu, halikusomwa na mnunuzi katika lugha yake. Madhali Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umekusudia kukomesha vipodozi vyenye zebaki, ni wajibu wa watu wa lugha kuhakikisha kwamba neno hilo linaonekana popote kitu chenyewe kilipo, iwe ni katika mkorogo, katika krimu au katika kipande cha sabuni.

Mapendekezo

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, na kupitia vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyofuata, imekuwa desturi kwamba istilahi huletwa mbele ya watumiaji ili waipime. Kwa moyo huo twapendekeza yafuatayo.

Kwanza, kitu kiitwacho kwa Kilatini sapo mollis au sapo viridis kiitwe sabuni laini, na panapohitajika usahihi wa kikemia, sabuni laini ya potasi. Jina "sabuni ya kijani" litajwe mara moja tu, kama jina la mazoea, ili msomaji akiliona kwenye chupa alitambue.

Pili, mchanganyiko wake na alkoholi uitwe tinkcha ya sabuni laini, na usichanganywe na sabuni yenyewe.

Tatu, neno "sabuni ya dawa" lisitumiwe katika maandishi ya afya isipokuwa dawa iliyomo imetajwa papo hapo kwa jina.

Nne, kuosha kuwe kwa maji na sabuni, na kutakasa kuwe ni kuua vijidudu vyote katika vyombo. Kitenzi safisha kiachwe katika mazungumzo ya kawaida.

Tano, chale iwe mkato, na tojo iwe alama ya kudumu iliyotiwa rangi. Tatuu iendelee katika vinywa vya wanaoipenda, na nembo ikae pale ilipokwisha kukaa. Tunajua kwamba tojo limefifia midomoni mwa vijana. Lakini neno lililofifia halijafa, na walimu wana uwezo wa kulifufua.

Yawezekana wasomaji wa Shinyanga na Geita wanayo maneno ya Kisukuma yafaayo kuliko haya, hasa kwa sabuni ya majivu na kwa namna mbalimbali za chale. Tungefurahi kuyapokea. Muuguzi anayesimama mbele ya mgonjwa na beseni la maji hana nafasi ya kufungua kamusi. Anahitaji neno ambalo mgonjwa atalishika mara ya kwanza na kwenda nalo nyumbani. Neno likimfikisha mgonjwa kwenye kitu kisicho chake, lawama si ya mgonjwa. Ni yetu sisi tuliomwandikia.